Usuluhishi Bila Suluhu: Istilahi za Mashauri ya Michezo na Haki za Binadamu

Katika makala haya tunakusudia kulichunguza neno moja ambalo kila mwananchi anadhani analifahamu, nalo ni neno "usuluhishi". Hatukulichagua kwa sababu ni geni au gumu. Kinyume chake, ni neno la siku nyingi, linalotumika barazani, ofisini, mahakamani na magazetini bila kumshtua msikilizaji. Tatizo lake ni kwamba linatumika kwa dhana mbili ambazo, katika sheria, hazikai nyumba moja. Mwanamichezo anayetia saini chini ya neno hili bila kujua ni dhana ipi iliyokusudiwa aweza kuiacha haki ambayo hakujua kwamba anaiacha.

Tutaanza mkoani Morogoro, kwa kuwa matumizi ya neno hili huko yanaidhihirisha maana yake ya asili. Kisha tutayatazama mashauri ya michezo yaliyotokea Tanzania na ng'ambo, hususa yale yaliyofika mbele ya mahakama za haki za binadamu. Mwisho tutarudi kwenye kazi yetu ya istilahi na kutoa mapendekezo, ili wasomaji wayapime.

1. Usuluhishi unavyofahamika vijijini

Milima ya Uluguru ina watu wengi na ardhi haba. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa vizazi vingi ardhi yao imekuwa mali ya ukoo kabla ya kuwa ya mtu mmoja mmoja. Kwa sababu hiyo, mzozo wa mpaka wa shamba huko Mgeta au Matombo mara nyingi ni mzozo wa watu wanaohusiana, ambao kesho watachota maji katika kijito kimoja na kuzikana. Wazee wakiitwa kulisikiliza jambo la namna hiyo, hawaulizi tu nani mwenye haki; wanauliza pia watu hawa wataishije pamoja jambo likiisha.

Sheria za nchi nazo zimelitumia neno usuluhishi kwa maana iyo hiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliwataka mke na mume wenye mgogoro wapite kwanza katika baraza la usuluhishi la ndoa kabla ya kuomba talaka mahakamani. Baraza hilo halivunji ndoa wala halimpi mtu ushindi. Likishindwa kuwapatanisha, hutoa hati ya kueleza hivyo, na mlango wa mahakama huwa wazi. Hali kadhalika, mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliliondolea baraza la kata mamlaka ya kuamua mashauri ya ardhi. Tangu hapo kazi yake katika mashauri hayo ni kusuluhisha, na siku 30 zikipita bila mafanikio mdai aweza kulipeleka shauri lake mbele.

Kutokana na mifano hii tunapata sifa tatu za usuluhishi kama unavyofahamika na wananchi. Kwanza, wahusika ndio wenye neno la mwisho. Msuluhishi hawezi kuwalazimisha. Pili, mwisho wake, ukifanikiwa, ni suluhu, yaani makubaliano ambayo pande zote mbili zimeyaridhia. Tatu, ukishindikana, hakuna aliyepoteza haki yake ya kwenda mahakamani. Sifa hizi zinalingana na asili ya neno lenyewe, kwani mzizi wake umetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya amani na mapatano.

2. Neno hilo hilo uwanjani

Sasa tumchukulie kijana wa Matombo aliyeteremka mjini kucheza kandanda. Morogoro ni mji wenye historia katika mchezo huu. Timu yake ya Mseto ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1975, na Uwanja wa Jamhuri umewalea wachezaji wengi waliosajiliwa na timu kubwa za Dar es Salaam. Kijana wetu anapewa mkataba wenye kifungu kisemacho kwamba migogoro yote itatatuliwa kwa usuluhishi, na kwamba rufaa itapelekwa katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo. Anakisoma kifungu hicho kama mjomba wake anavyoielewa kazi ya baraza la kata. Anaona ni kifungu cha heri: tukikosana, tutakaa tupatane, tusipopatana, nitakwenda mahakamani. Anatia saini.

Alichotia saini ni kitu kingine kabisa. Chombo kiitwacho kwa Kiswahili Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo kilianzishwa mwaka 1984, na makao yake yako Lausanne, Uswisi. Kinapopokea rufaa, jopo la wajumbe husikiliza pande mbili, hupima ushahidi, kisha hutoa uamuzi unaofunga. Upande mmoja hushinda na mwingine hushindwa. Aidha, kanuni za FIFA huvitaka vyama vya mpira vya nchi wanachama kuzuia migogoro ya soka isipelekwe katika mahakama za kawaida, isipokuwa pale kanuni hizo zenyewe au sheria inapotamka vinginevyo. Kwa hiyo, kati ya sifa tatu tulizozitaja, hapa haipo hata moja. Wahusika hawana neno la mwisho, mwisho wake si mapatano, na mlango wa mahakama ya kawaida umefungwa.

Tofauti hii inaonekana vizuri katika mashauri mawili ambayo wapenzi wa soka nchini wanayakumbuka. La kwanza ni la Bernard Morrison, mchezaji wa Ghana, ambaye mwaka 2020 aligombana na klabu yake ya Yanga juu ya mkataba na akaenda Simba. Kamati ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania iliamua upande wake. Yanga ikakata rufaa Lausanne. Na mwaka 2021 rufaa hiyo ikakataliwa. Hakukuwa na mapatano yoyote. Kulikuwa na mshindi na mshindwa.

La pili ni la Feisal Salum. Mwishoni mwa mwaka 2022 mchezaji huyu alitangaza kuuvunja mkataba wake na Yanga, lakini mwanzoni mwa 2023 kamati ya shirikisho ikatamka kwamba bado ni mchezaji wa klabu hiyo. Akaeleza nia ya kwenda Lausanne, na kukawa na mchango wa hadhara wa kumsaidia gharama. Safari hiyo haikuwa na haja tena. Mwanzoni mwa Juni 2023, katika hafla ya kuipongeza Yanga Ikulu, Rais Samia Suluhu Hassan, ambaye jina lake lenyewe linalibeba neno tunalolijadili, aliwaomba viongozi wa klabu walimalize jambo hilo. Siku chache baadaye mchezaji huyo alihamia Azam kwa makubaliano ya klabu hizo mbili.

Hapo msomaji ajiulize: katika mashauri haya mawili, ni lipi lililomalizwa kwa usuluhishi? Kwa maana ya neno kama lijulikanavyo Uluguru, ni la Feisal. Kwa maana ya jina la chombo cha Lausanne, ni la Morrison. Lugha inayoyaita mambo mawili yanayopingana kwa jina moja, katika uwanja ambao riziki ya mtu inaamuliwa, ina deni kwa watumiaji wake.

3. Mkanganyiko ulivyoingia katika sheria

Si haki kuwalaumu waandishi wa michezo peke yao. Mkanganyiko huu umo katika majina rasmi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 iliunda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa ajili ya migogoro ya kazini. Katika jina hilo dhana mbili zimetenganishwa vizuri: kwanza kuna usuluhishi, ambapo afisa huwasaidia mwajiri na mfanyakazi kukubaliana, usipofaulu kuna uamuzi, ambapo afisa husikiliza ushahidi na kutoa neno linalowafunga. Lakini sheria ya mwaka 2020 inayohusu dhana hii ya pili, hasa katika mikataba ya biashara, hujulikana kwa Kiswahili kama Sheria ya Usuluhishi. Hivyo, kile ambacho sheria ya kazi inakiita uamuzi, sheria ya mikataba ya biashara inakiita usuluhishi.

Zamani jambo hili halikuwa na madhara makubwa, kwa kuwa sheria ziliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo ina maneno tofauti kwa dhana hizi. Mambo yamebadilika. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tokea hapo neno la Kiswahili halina budi kusimama kwa miguu yake. Haliwezi tena kutegemea msomaji aende kulitafuta la Kiingereza ili ajue lililokusudiwa.

4. Haki za binadamu zinaingiaje?

Wapo watakaouliza haki za binadamu zinahusikaje na usajili wa wachezaji. Kwa Tanzania, michezo na haki za binadamu hazikuanza kukutana jana. Mwaka 1976 nchi hii ilikuwa miongoni mwa nchi nyingi za Afrika zilizosusia Michezo ya Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu na bado New Zealand ikaruhusiwa kushiriki. Filbert Bayi, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974, hakukimbia Montreal. Hata hivyo, mwaka ule lilikuwa suala la nchi na nchi. Jambo tunalolizungumzia hapa ni haki ya mwanamichezo mmoja mbele ya chama chake.

Haki yenyewe ni ya kusikilizwa kwa usawa na hadharani, mbele ya chombo kilicho huru na kisicho na upendeleo. Imo katika kifungu cha 10 cha Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, na katika kifungu cha 6 cha Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Sheria hii huzifunga serikali. Haivifungi vyama vya michezo moja kwa moja. Ndiyo maana wanamichezo waliokwenda Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu huko Strasbourg hawakulishtaki baraza la Lausanne. Waliishtaki Uswisi, kwa kuwa baraza hilo limo katika ardhi yake na mahakama yake ya juu ndiyo yenye uwezo wa kuufuta uamuzi wa baraza hilo, tena kwa sababu chache tu.

Shauri la kwanza la kukumbukwa liliamuliwa tarehe 2 Oktoba 2018. Walalamikaji walikuwa wawili: Adrian Mutu, mchezaji wa mpira wa Romania aliyeamriwa kuilipa klabu yake ya zamani ya Chelsea zaidi ya euro milioni 17, na Claudia Pechstein, mkimbiaji wa Kijerumani wa mbio za barafuni aliyefungiwa miaka miwili mwaka 2009 kwa tuhuma za dawa zilizokatazwa. Mahakama iliuliza swali ambalo kwetu wanaistilahi ni la msingi: je, watu hawa waliingia humo kwa hiari? Ikajibu kwamba Pechstein hakuwa na hiari. Kanuni za chama chake zilimpa njia mbili tu: akubali kifungu hicho, au aache kuupata mkate wake kwa mchezo huo. Kwa Mutu jibu lilikuwa tofauti, kwani kanuni zilizomhusu hazikumlazimisha kwenda Lausanne. Kwa kuwa Pechstein alilazimishwa, alistahili dhamana zote za kifungu cha 6. Mahakama haikukubali, kwa wingi wa kura, kwamba baraza lile halikuwa huru. Lakini ilisema kwamba kumnyima usikilizwaji wa hadhara alipouomba kulikiuka haki yake.

Matokeo yalionekana upesi. Mwaka 2019 kanuni za Lausanne zilibadilishwa ili mwanamichezo katika shauri la nidhamu aweze kuomba asikilizwe hadharani. Mwezi Novemba wa mwaka huo shauri la muogeleaji wa China, Sun Yang, lilisikilizwa hadharani mjini Montreux. Na jambo moja ambalo watazamaji wote waliliona ni taabu ya tafsiri baina ya Kichina na Kiingereza. Tunalitaja hili kwa makusudi. Lugha za kazi za baraza hilo ni Kifaransa, Kiingereza na Kihispania. Mchezaji wa Morogoro atakayefika huko atasikilizwa kwa lugha ya watu wengine, na kama hata katika Kiswahili hatujampa jina sahihi la jambo analoendea, tumemwachia mfasiri mzigo mzito.

Shauri la pili ni la Uturuki. Tarehe 28 Januari 2020 Mahakama hiyo hiyo iliamua malalamiko ya Ömer Kerim Ali Rıza na wenzake, waliokuwa wameadhibiwa au kudaiwa ndani ya chama cha mpira cha Uturuki. Katiba ya nchi hiyo iliyafanya maamuzi ya kamati ya rufaa ya chama kuwa ya mwisho, yasiyoweza kupelekwa mahakamani. Mahakama iliona kwamba kamati hiyo haikuwa na kinga ya kutosha dhidi ya bodi ya chama, ambayo wajumbe wake wengi walitoka katika klabu. Kwa hiyo Uturuki ikaonekana na makosa. Fundisho lake laweza kueleweka pote: serikali ikikubali kamati ya chama iwe neno la mwisho, yapaswa kuhakikisha kwamba kamati hiyo ni huru.

Shauri la tatu linagusa watu wa Afrika Mashariki. Katika mbio za mita 800 za wanawake, Rio de Janeiro, mwaka 2016, washindi watatu walikuwa Caster Semenya wa Afrika Kusini, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya. Kanuni mpya za chama cha riadha cha dunia, zilizoanza kutumika mwaka 2019, ziliwataka wanawake wenye maumbile ya kijinsia ya namna fulani wapunguze homoni ya testosteroni mwilini ndipo wakimbie mbio za kuanzia mita 400 hadi maili moja. Wote watatu walizuiliwa na kanuni hizo. Niyonsaba alihamia mbio ndefu, na mwaka 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2000. Semenya alikwenda Lausanne. Wajumbe wawili dhidi ya mmoja walisema, tarehe 30 Aprili 2019, kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, ila ubaguzi huo ni wa lazima na wa kiasi kwa ajili ya kulinda mashindano ya wanawake. Mahakama ya juu ya Uswisi ilikataa kuufuta uamuzi huo mwaka 2020.

Semenya akaenda Strasbourg. Tarehe 11 Julai 2023 jopo la kwanza lilimpa haki katika hoja ya ubaguzi. Shauri likapelekwa mbele ya Jopo Kuu, ambalo tarehe 10 Julai 2025 lilisema kwamba halina mamlaka juu ya hoja hiyo, lakini, kwa kura 15 dhidi ya 2, likaamua kwamba Uswisi ilikiuka kifungu cha 6. Sababu yake inatuhusu moja kwa moja. Jopo Kuu lilieleza kwamba baina ya mwanamichezo na chama cha dunia hakuna usawa wa nguvu, na kwamba mwanamichezo analazimika kwenda Lausanne wala hana mahali pengine. Kwa hiyo mahakama ya Uswisi, inapouchunguza uamuzi unaogusa haki zake, haina budi kuuchunguza kwa ukali zaidi kuliko ilivyofanya. Kwa maneno mengine, kadiri hiari inavyopungua, ndivyo ulinzi unavyotakiwa kuzidi.

Afrika nayo ina sheria yake. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ulipitishwa Nairobi mwaka 1981, na kifungu chake cha 7 kinampa kila mtu haki ya shauri lake kusikilizwa. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 13, inatoa haki hiyo hiyo pamoja na haki ya kukata rufaa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake Arusha, ingawa mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo. Misingi basi ipo. Lakini mtu hawezi kudai haki aliyoitoa bila kujua, mpaka kwanza ajue kwamba aliitoa.

5. Maneno mengine matatu

Neno usuluhishi haliko peke yake. Yapo maneno mengine matatu yanayoongeza giza katika uwanja huu.

La kwanza ni "mwamuzi". Kama tukisema kwamba dhana ya pili iitwe uamuzi, kama sheria ya kazi inavyofanya, basi anayeitekeleza ataitwa mwamuzi. Lakini katika michezo mwamuzi ni refa, mtu mwenye filimbi. Kifaransa kinatumia neno moja kwa watu hawa wawili, nacho hakijafa. Lakini katika habari ya michezo, sentensi isemayo "mwamuzi alimpa haki mchezaji" yaweza kueleweka kuwa ni penalti.

La pili ni "tuzo". Katika mashauri ya kazi neno hili hutumika kwa uamuzi wa mwisho wa tume. Kwa mpenzi wa soka tuzo ni zawadi ya mfungaji bora. Tukiandika kwamba baraza la Lausanne limetoa tuzo dhidi ya mchezaji fulani, tumeandika fumbo.

La tatu, na lenye uzito kuliko yote, ni "ridhaa". Katika sheria ridhaa ni kukubali kwa moyo. Mahakama ya Strasbourg imesema kwamba mtu anayeiacha haki ya kwenda mahakamani lazima awe amefanya hivyo kwa uhuru, kwa njia halali na bila utata. Lakini katika michezo "mchezaji wa ridhaa" ni yule asiyelipwa, kinyume cha mchezaji wa kulipwa. Hivyo mchezaji wa kulipwa anaambiwa kwamba ametoa ridhaa, naye anajua kwamba yeye si wa ridhaa.

6. Mapendekezo

Baada ya kuyapima haya, tunaona yafuatayo yafaa kufikiriwa.

(a) Neno "usuluhishi" libakie kwa dhana moja tu: kuwasaidia wahusika wafikie suluhu kwa hiari yao. Maana hii inakubaliana na asili ya neno, na Sheria ya Ndoa, na kazi ya baraza la kata, na jina la tume ya kazi. "Msuluhishi" awe mtu asiye na mamlaka ya kuwafunga.

(b) Kwa dhana ya pili tulilifikiria jina "uamuzi teule", kwa hoja kwamba wahusika huteua watu wa kuwaamulia. Tumeliacha. Shauri la Pechstein limeonyesha kwamba mara nyingi mwanamichezo hakuteua njia hiyo, na jina linaloahidi uteuzi usiokuwapo lingerudia kosa lile lile la usuluhishi. Tunapendekeza "uamuzi wa baraza". Neno baraza linajulikana na kila mtu, halidai kuwa mahakama, na halifichi kwamba mwisho wake ni uamuzi. Wanaoamua waitwe "wajumbe wa baraza la uamuzi", ili neno mwamuzi liachiwe mwenye filimbi.

(c) Pale inapohitajika, iongezwe sifa: "uamuzi wa baraza wa hiari" na "uamuzi wa baraza wa lazima". Tofauti hii ndiyo iliyoamua mashauri ya Strasbourg, kwa hiyo si pambo la lugha.

(d) Matokeo yaitwe "uamuzi", na neno "tuzo" libakie kwa zawadi.

(e) Katika mikataba ya michezo, badala ya "ridhaa" litumike "hiari" au maneno "kukubali kwa hiari", mpaka hapo neno ridhaa litakapoacha kumaanisha kutolipwa.

Tunafahamu hoja dhidi yetu. Jina Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo limekwisha enea, na neno lililoenea haling'olewi kwa waraka. Hatudai ling'olewe kwa siku moja. Tunachosema ni kwamba mwandishi wa gazeti anaweza kulitumia jina hilo na kisha akaongeza maneno machache ya kueleza kuwa ni baraza linalotoa uamuzi unaofunga. Na mwandishi wa mkataba hana udhuru kabisa. Kifungu cha namna hii chaweza kuandikwa kwa Kiswahili chepesi: "Ukikosana na klabu, shauri lako litaamuliwa na baraza, si na mahakama. Uamuzi wa baraza utakufunga hata kama hukukubaliana nao." Sentensi hizi mbili zinaeleweka Matombo kama zinavyoeleweka Dar es Salaam, wala hazihitaji kamusi.

Mwaka 1967 ndipo lilipoundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, na mwaka huo huo likaundwa Baraza la Michezo la Taifa. Vyombo hivi viwili vilivyozaliwa mwaka mmoja vina kazi moja ya pamoja hapa: kuhakikisha kwamba mchezaji anapoiweka kalamu juu ya karatasi, anajua ni mlango gani anaoufunga nyuma yake. Tunawaomba wanasheria, viongozi wa vyama vya michezo, waandishi wa habari na wachezaji wenyewe watuletee maoni yao juu ya istilahi hizi, pamoja na maneno yanayotumika katika sehemu zao kwa dhana tulizozijadili, ili yazingatiwe kabla ya kusanifiwa.